Tushike shaba au tushike jembe?

Mwaka 2016 Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo na wenzake walichapisha orodha ya mahali panapomulikwa na radi zaidi duniani. Walikuwa wamehesabu kwa setilaiti ya TRMM kwa muda wa miaka 16. Namba moja ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela: mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba, kila mwaka. Namba mbili ni Kabare: 205. Ya tatu ni Kampene ya Maniema, ya tano ni Sake. Kati ya tano za kwanza, tatu ni za mashariki ya Kongo, na hiyo yenye jina la Kabare iko nyuma ya milima tunayoiona kutoka Bukavu.

Kwa hiyo waya wa ardhi, ule unaoteremka kwenye nguzo ya umeme na kupotelea udongoni, hapa kwetu una kazi nyingi kuliko kwingineko. Uwe wa shaba? Wa chuma kilichovikwa zinki? Wa alumini kama nyaya za juu? Watu wengi hulijibu swali hilo wakiwa wamesimama mbele ya kaunta ya duka, na jibu linategemea kilichobaki mfukoni.

Nimewaketisha watu wanne walibishanie. Ni watu wa kutunga, ila hoja zao si za kutunga. Fundi ni mzee aliyestaafu baada ya kupanda nguzo tangu ujana wake. Injinia ni binti anayefundisha umeme. Mfanyabiashara ana duka la vifaa pale Nyawera. Mama anakaa Funu, wilaya ya Kadutu, na nguzo yenye transfoma imesimama ndani ya ua wake. Mimi ninaandika, na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitasema.

*

Mfanyabiashara: Mimi sioni cha kujadili. Shaba. Inapitisha umeme karibu mara tisa kuliko chuma, haiozi hovyo, na kila kitabu kinaisifu. Tena sisi ni Wakongo. Nchi ya shaba ikizika chuma chini ya nguzo zake, si aibu?

Fundi: Kijana wangu, shaba ya Kolwezi haiji Bukavu ikitokea Kolwezi. Inatoka nchini ikiwa mabamba, inavuka bahari, inarudi ikiwa waya kwenye roli, na wewe unatuuzia kwa dola. Halafu nikuulize: ile laini ya Inga kwenda Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilomita kama 1,700, iliyojengwa makusudi kupelekea migodi ya shaba umeme, unajua nyaya zake ni za nini?

Mfanyabiashara: Za shaba, bila shaka.

Fundi: Alumini yenye moyo wa chuma.

Injinia: Papa anasema kweli, na sababu yake ni ya hesabu tu. Ukitaka waya wa alumini upitishe sawa na wa shaba, utaunenepesha mara 1.6 hivi. Lakini alumini ni nyepesi sana, kwa hiyo hata ukiwa umenenepa hivyo uzito wake ni nusu ya ule wa shaba. Angani uzito ndio unaoamua idadi ya minara na nguvu ya minara. Huko juu shaba ilishashindwa zamani, hata kwenye nchi ya shaba.

Mfanyabiashara: Basi tushushe hiyo hiyo alumini mpaka chini. Rahisi, na sisi tunayo.

Injinia: Hapo hapana, Yaya. Alumini inaishi hewani kwa sababu inajivika ngozi nyembamba ya oksidi. Ukiizika kwenye udongo wenye maji, ngozi hiyo inatobolewa. Ukiipitisha kwenye saruji, ambayo ina magadi, inaliwa wazi wazi. Kanuni za kimataifa za umeme zinakataza kuitumia kama elektrodi ya ardhini. Inaishia juu, mahali pakavu, inaunganishwa na metali nyingine kwa kiungo cha metali mbili, na kinachoingia udongoni ni kitu kingine.

*

Alumini ikatolewa ukumbini haraka hivyo. Zikabaki shaba na chuma, na hapo ndipo Mfanyabiashara alipokunja mikono ya shati, kwa kuwa piketi, zile fimbo za kupigilia ardhini, za rangi ya shaba ndizo zinazometameta kwenye rafu yake. Injinia akaomba kalamu.

*

Injinia: Chukueni piketi ya kawaida: urefu mita 1.5, kipenyo milimita 16. Ikiwa shaba tupu, ukinzani wa piketi yenyewe, toka kichwa hadi ncha, ni kama omu 0.0001. Ikiwa chuma, ni kama omu 0.001. Tofauti mara tisa, kama Yaya alivyosema. Sasa ipigilie kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi ulioloa vizuri, tuseme wenye omu-mita 100. Ukinzani kutoka kwenye piketi hadi kwenye dunia kwa jumla ni kama omu 60.

Mfanyabiashara: Sitini nzima?

Injinia: Sitini. Weka shaba, ni 60. Weka chuma, ni 60. Weka dhahabu, ni 60. Tofauti ya metali inapotea kwenye tarakimu ambayo kipimo chetu hakiwezi hata kuisoma. Anayebana njia ni udongo unaoizunguka piketi.

Fundi: Na ukiinenepesha?

Injinia: Ukizidisha kipenyo mara mbili, kutoka milimita 16 hadi 32, unapunguza asilimia 12 hivi. Umelipa chuma mara nne, umepata kidogo hivyo. Lakini ukizidisha urefu mara mbili, kutoka mita 1.5 hadi 3, unashuka kutoka 60 mpaka kama 34. Ndiyo maana nasema pesa iende kwenye urefu.

Fundi: Binti yangu, huo urefu unaupata wapi Bukavu? Mimi nimepigilia piketi Muhumba, nimepigilia Bagira. Nusu mita udongo, halafu nyundo inaruka, umefika kwenye jiwe jeusi la volkano. Ukilazimisha, kichwa kinachanua kama uyoga na ncha inapinda. Wenzetu wengi hapo hufanya nini? Wanaikata kwa msumeno, wanafukia, wanapaka udongo juu. Mkaguzi akija anaona kichwa cha piketi kimesimama vizuri.

Mama: Kumbe!

Fundi: Mama, usinitazame hivyo. Nimesema wenzetu.

Injinia: Kwenye jiwe husimamishi, unalaza. Unachimba mfereji wa kina cha sentimita 60 au 80, unalaza waya ndani yake, unafukia kwa udongo laini. Kwa makadirio ya haraka, ukinzani wa waya uliolazwa ni mara mbili ya ukinzani wa udongo, ukigawa kwa urefu. Udongo wa omu-mita 100, mfereji wa mita 20: unapata omu 10. Piketi ilikupa 60. Na jembe halinunuliwi kwa dola nyingi.

*

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mjadala wote, na sitangoja mwisho kukisema. Katika mji uliojengwa juu ya basalti na mfinyanzi, pesa ya kwanza ni ya kuchimba. Anayetumia bajeti yote kununua shaba halafu akaipigilia nusu mita amenunua pambo. Lakini hiyo haina maana kwamba metali yoyote inafaa. Metali ina mambo mawili ya kutimiza: isiyeyuke siku ya hitilafu, na iwepo bado baada ya miaka 20. Hilo la pili ndilo gumu.

*

Injinia: Kuyeyuka kwanza, tulimalize. Kwa mkondo uleule na muda uleule, waya wa chuma unahitaji unene karibu mara tatu ya ule wa shaba ili usipate moto kupita kiasi. Hitilafu ya ampea 4,000 kwa sekunde moja inataka shaba ya milimita za mraba kama 18, au chuma cha kama 50. Kwa hiyo anayechagua chuma asichague uzi. Anunue kinene. Hata hivyo bei yake inabaki chini sana ya shaba.

Mfanyabiashara: Na kutu?

Injinia: Zinki ndiyo inayolinda. Ndiyo maana natofautisha chuma kilichovikwa zinki kwa kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, na nondo uliyookota kwenye ujenzi ukaipaka rangi ya fedha.

Mfanyabiashara: Usinitazame na wewe.

Fundi: Acha nimsaidie mnunuzi, kwa kuwa mwenye duka yupo na anasikia. Mtu akikuletea piketi ya shaba, usiishie kwenye sumaku. Nyingi ni chuma kilichovikwa shaba, hata zile nzuri, kwa hiyo sumaku itashika zote. Chukua tupa. Sugua kwenye mwili wake, pole pole, mahali pamoja. Iliyo nzuri ina shaba ya robo milimita. Utasugua na kusugua, bado unga mwekundu. Mbovu, mara mbili tatu tu, chuma cheupe kinakucheka. Hiyo ngozi ni kama rangi ya kucha, na siku unapoipigilia kwenye mawe ya Kadutu inachubuka yote kabla haijafika chini. Halafu chuma kinabaki uchi mahali palipochubuka, na kutu yote inakusanyika hapo.

Mfanyabiashara: Ninazo za aina mbili. Mteja ndiye anayechagua bei.

Fundi: Mteja hana tupa.

Injinia: Kuna jambo jingine linaloua nguzo zetu kimya kimya, nalo linatokana na kuchanganya. Mtu ana piketi ya chuma chenye zinki, anaifunga na waya wa shaba kwa kibano cha shaba nyekundu au ya njano, tena chini ya udongo. Zinki na shaba kwenye udongo wenye maji ni betri. Kati yao kuna karibu volti moja, na anayeliwa ni zinki. Chimbua baada ya misimu michache: kwanza utakuta unga mweupe kwenye kiungo, kisha chuma cha kahawia, kisha kibano kinazunguka kwa vidole. Shaba yenyewe inang'aa, haina hata doa. Mtu anaitazama anasema mbona nzima.

Mama: Na taa zangu zinaendelea kuwaka?

Injinia: Zinawaka kama kawaida, Mama. Ndilo tatizo la waya wa ardhi: ukikatika hakuna kinachozimika.

*

Jibu hilo lilimfanya Mama asogeze kiti mbele. Mpaka hapo alikuwa amewaachia wenye kazi yao.

*

Mama: Basi nami niulize. Nguzo yangu ilikuwa na waya mwekundu unaoshuka. Siku moja asubuhi nikaukuta umekatwa juu, kimo cha mtu, na umekatwa chini. Kipande cha juu kinaning'inia mpaka leo. Mbuzi nilikuwa namfunga pale, nikamhamisha. Tulisema kwa wenye laini, wakaandika. Sasa mnabishana shaba au chuma. Mwizi hakubishana.

Fundi: Mwizi alishachagua shaba zamani. Anauza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Waya ule wa chuma chenye zinki hakuna anayeutaka, labda wa kufungia mzigo. Ndiyo maana mimi, mtu wa shaba maisha yangu yote, kwenye nguzo za mitaani sasa nasema chuma.

Mfanyabiashara: Hata chuma kinaibwa, Papa. Minara ya ile laini ya Inga, watu waliifungua vyuma vyake.

Fundi: Kweli. Ila mwizi anayefungua mnara anahitaji spana na muda. Wa waya wa shaba anahitaji kisu na giza la dakika tano.

Mfanyabiashara: Kuna waya wa chuma uliovikwa shaba. Nje ni shaba, ndani ni chuma. Mnunuzi wa chuma chakavu hawezi kuitenganisha kwa urahisi, kwa hiyo halipi bei ya shaba. Na udongoni unakaa kama shaba.

Injinia: Huo nakubaliana nawe, na nakubali pia kwamba hukuutaja kwa sababu uko dukani kwako.

Mfanyabiashara: Haupo. Ukitaka, naagiza.

Injinia: Ukiwepo, shida yake ni kwamba mwizi hajui mpaka aukate. Kwa hiyo mita mbili za kwanza juu ya ardhi zifunikwe. Na mtaa mzima uambiwe ni chuma.

Mama: Huo mtaa nitauambia mimi. Lakini nijibuni la pili. Tarehe 2 Februari 2022, kule Kinshasa, soko la Matadi Kibala. Mvua imenyesha asubuhi, waya wa umeme mkubwa ukakatika, ukaanguka. Watu 26. Wengi wao ni kina mama waliokuwa wanauza. Ilisemwa ni radi. Haya, radi imekata waya. Kwa nini umeme haukujizima wenyewe?

*

Sitaki kumjibia mtu yeyote kuhusu ajali ile. Kila mtandao una vifaa vyake na mipangilio yake. Lakini swali la Mama, kwa nini waya ulioanguka uendelee kuwa na moto, lina jibu la jumla, na Injinia alilitoa bila kupamba.

*

Injinia: Kifaa cha ulinzi hakina macho. Kinachokiona ni mkondo. Waya ukianguka, mkondo unatoka kwenye waya, unaingia udongoni, unarudi kwenye kituo kupitia ardhi. Ukiwa mwingi, kifaa kinakata. Sasa chukua laini ya volti 15,000. Kati ya waya mmoja na ardhi kuna volti kama 8,700. Waya umeangukia mawe makavu, au lami, na mahali ulipogusa pana ukinzani wa omu 1,000. Mkondo ni ampea 8.7. Hiyo ni kama transfoma moja ya mtaa inayohudumia watu. Kifaa kinaona mteja, hakioni maiti.

Mama: Maneno hayo!

Injinia: Nisamehe, Mama. Nataka yabaki kichwani.

Fundi: Na hapo shaba au chuma haina neno.

Injinia: Haina. Hapo ni ukinzani wa ardhi kwenye kituo, jinsi nukta ya katikati ya transfoma kubwa ilivyounganishwa na ardhi, na mpangilio wa kifaa. Waya wa ardhi wa kila nguzo unasaidia pale waya wa juu unapogusa sehemu za chuma za nguzo. Ukiangukia barabara, haumsaidii mtu. Nisikudanganye.

Mama: Basi radi yenyewe. Huo waya unaisaidia radi?

Injinia: Unaisaidia kuondoka. Radi ya kawaida ni ampea 30,000. Ikishuka kwenye nguzo yenye ukinzani wa omu 10, nguzo inapanda volti 300,000 ghafla. Kwenye omu 60 hesabu inafika milioni 1.8. Vikombe vya kaure vya laini za mitaani havistahimili hata ile ya kwanza. Umeme unaruka kutoka kwenye nguzo kuelekea waya, badala ya waya kuelekea nguzo. Ndiyo maana kwenye transfoma tunaweka parafudri, kifaa cha kuielekeza radi ardhini, na parafudri isiyo na ardhi nzuri ni kopo tu limening'inia.

Fundi: Na hapo kuna kosa la mikono, wala si la metali. Fundi akimaliza, waya ukibaki, anaona uchungu kuukata. Anauzungusha vizuri chini ya nguzo, duara tano sita, anafunga kwa kamba. Unapendeza kabisa.

Injinia: Unapendeza na unaua transfoma. Radi inapanda kwa kasi ya ajabu, ampea 30,000 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kasi hiyo, mita 10 za waya ulionyooka, uwe shaba uwe chuma, zinazuia kiasi cha volti 300,000 kwa sababu ya usumaku wake wenyewe. Ukiuzungusha, unaongeza mara kadhaa. Waya wa radi uwe mfupi, unyooke, usipige kona kali.

Mama: Na sisi wa Funu?

*

Lazima nieleze hapa kwa msomaji asiye wa Bukavu. Funu ni mtaa uliokaa juu ya maporomoko yanayotembea. Watafiti wa hapa na wa Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameyafuatilia kwa miaka: mlima unasogea polepole, kuta zinapasuka, bomba za maji zinakatika, nguzo zinainama. Injinia akisema waya unyooke, mlima wenyewe unamkatalia. Waya ulionyooka kwenye udongo unaotembea unavutwa mpaka unang'oka kwenye kiungo.

*

Fundi: Funu nilikuwa nauacha ulegee. Ardhi ikisogea, unajinyoosha.

Injinia: Ulegee chini ya udongo basi, ukiwa umelazwa kama nyoka kwenye mfereji. Si duara kwenye nguzo. Na Funu sitaki waya wa uzi mmoja mnene. Nataka wa nyuzi nyingi zilizosokotwa, unaopinda bila kuvunjika. Tena tusitegemee kiungo kimoja. Miguu mitatu, kila mmoja upande wake, kama unyayo wa bata. Mlima ukikata mmoja, iwepo miwili.

Mfanyabiashara: Mita ngapi sasa?

Injinia: Mita 20, mara tatu.

Mfanyabiashara: Sitini za shaba?

Fundi: Ndiyo maana tulisema chuma, kijana wangu.

Mfanyabiashara: Na chumvi na makaa? Baba yangu alikuwa anachimba shimo, anajaza chumvi na makaa, na ilikuwa inafanya kazi.

Fundi: Hata mimi. Ukipima siku ile, unafurahi.

Injinia: Siku ile. Kwa mvua za Bukavu chumvi inasombwa, na kabla haijasombwa inakula metali uliyokuja kuisaidia. Kila kiangazi utarudi na gunia jingine. Ukiacha kurudi, umebaki na piketi iliyooza. Ukitaka kitu kinachoshika maji bila kuua chuma, kipo, nacho mnakijenga kila siku: zege.

*

Kuna habari hapa ambayo ilistahili kusikika zaidi kwenye miji yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Herbert Ufer, mshauri wa jeshi la Marekani, alitakiwa kutafuta ardhi nzuri ya umeme kwa maghala ya mabomu huko Arizona, nchi kavu yenye mchanga na mawe. Aliunganisha mfumo wake na nondo zilizomo ndani ya misingi ya zege. Alipopima tena karibu miaka 20 baadaye, ukinzani ulikuwa bado haufiki omu 5. Zege iliyo udongoni hunyonya unyevu na kuutunza, inagusa ardhi kwa eneo kubwa, na magadi yake yanaizuia nondo isipate kutu. Nondo ileile ambayo Injinia aliikataa ikiwa uchi, ndani ya zege ni elektrodi nzuri.

*

Fundi: Kwa nguzo ya mti haitusaidii. Nguzo ya mti haina msingi.

Injinia: Kwa kabini inasaidia. Kabini ya transfoma ina msingi, ina nondo. Kabla zege haijamwagwa, unafunga nondo pamoja, unatoa ncha moja nje. Hugharimii karibu chochote. Lakini zege ikishamwagwa, nafasi imekwisha. Na kuna mtego: chuma ndani ya zege kina tabia kama ya shaba. Ukikiunganisha na piketi ya zinki iliyo uchi udongoni, piketi ndiyo inaliwa. Kwa hiyo kwenye kabini, penye uzio na mlinzi, shaba inakaa vizuri: shaba na zege hazigombani.

Mfanyabiashara: Afadhali nimepata mahali pamoja pa shaba.

Fundi: Na pa pili nakupa mimi, wala sitaki mtu anibishie. Waya wa kubeba, ule tunaoufunga sisi wenyewe kabla ya kugusa laini iliyozimwa. Huo ni shaba laini ya nyuzi nyembamba, yenye ngozi ya plastiki inayoonyesha ndani, ili nyuzi zikikatika uzione. Unafunga kwenye ardhi kwanza, kisha kwenye nyaya tatu. Ukitoa, unaanza na nyaya, unamalizia na ardhi. Hapo sitaki chuma, sitaki alumini, sitaki kipande cha waya wa zamani.

Mama: Laini si imezimwa?

Fundi: Mama, hapa kwetu umeme ukikatika, jenereta ngapi zinawaka? Mtu mmoja tu ambaye hakutenganisha nyumba yake na laini, jenereta yake inasukuma volti 220 nyuma kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui mbele na nyuma. Inatoa maelfu ya volti upande wa juu, mahali ambapo mtu yuko amekumbatia nguzo akiamini imekufa. Waya ule wa shaba ndio unaomrudisha nyumbani jioni.

*

Hapo hapakuwa na upinzani. Mfanyabiashara hata hakutaja bei.

Wangeweza kwenda nyumbani, kama si suala la kupima. Injinia alitaka kipimo kifanyike mwishoni mwa Agosti, udongo ukiwa umekauka baada ya kiangazi. Fundi aliona ni kutafuta shida: kazi ikifanyika Aprili, inapimwa Aprili, ripoti inaandikwa.

*

Injinia: Papa, Aprili kila piketi ni nzuri. Radi za kwanza za Septemba zinakuta udongo wa chini ungali mkavu. Kipimo kinachonihusu ni cha siku hiyo.

Fundi: Na ukikuta 40?

Injinia: Tunarefusha mfereji.

Mama: Mfereji upi? Mnautaja kana kwamba unapita mbinguni. Mita 20 mara tatu, kutoka kwenye ile nguzo, ni ua wangu wote na wa jirani. Hapo pana migomba, pana choo, pana mahali watoto wanapochezea.

Injinia: Watoto wanapochezea ndipo hasa panahitaji waya ulale chini sana. Umeme ukiingia ardhini, volti inashuka hatua kwa hatua kutoka kwenye nguzo. Aliyesimama miguu imeachana anapata tofauti ya mguu na mguu. Ng'ombe wa Kabare hufa wengi kwa pamoja chini ya mti kwa sababu hiyo, miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali. Mfereji mrefu unapunguza mteremko huo.

Mama: Nimekuelewa. Mchimbe. Lakini nina masharti. Kipimo cha Agosti kifanyike mbele yangu, na namba iandikwe kwa rangi kwenye nguzo, na mwaka wake, ili nikija kulalamika nisiambiwe sijui ninachosema. Waya uwe wa chuma, maana sitaki kulala nikimsikiliza mwizi. Na ile migomba miwili mnayotaka kuipitia, bei yake tunapatana kabla jembe halijaingia.

Mfanyabiashara: Migomba ni kiasi gani, Mama?

Mama: Wewe tuambie kwanza chuma chako mita ni kiasi gani.